Taa ya Nani? Mwanga na Chambo katika Uvuvi wa Usiku, kutoka Malakisi hadi Bahari Hindi

Utangulizi

Mwanafunzi aliyelelewa Malakisi hukutana na bahari kwa mara ya kwanza katika kitabu cha Kiswahili. Kabla hajaona wimbi hata moja, huwa amekwisha kukariri ngalawa, tanga, nanga, ndoana na chambo. Mtihani ukimtaka atunge sentensi kwa kutumia neno chambo, huandika bila kusita kwamba mvuvi alitia chambo akapata samaki, na sentensi hiyo hupewa alama zote. Hata hivyo, sentensi yenyewe haisemi ni chambo gani, kilitiwa wakati gani, samaki alikitambuaje, wala mvuvi alijuaje kwamba kimeguswa. Wahenga walisema maji ya kifuu ni bahari ya chungu. Kwa mwanafunzi wa bara, maneno hayo machache ya kukariri aghalabu ndiyo bahari yake yote.

Makala haya yanaeleza jinsi taa na chambo vinavyochaguliwa katika uvuvi wa usiku, hasa uvuvi wa ufito ufukweni mwa bahari, ambako taa ndogo hufungwa kwenye ncha ya ufito. Hoja inayoongoza maelezo ni hii: kabla ya kuuliza taa ipi ni bora, ni sharti kuuliza taa hiyo ni ya nani. Kuna taa inayowashwa kwa ajili ya samaki na kuna taa inayowashwa kwa ajili ya mvuvi mwenyewe. Anayezichanganya taa hizi mbili hurudi nyumbani mikono mitupu, na mwalimu asiyezitenganisha humfundisha mwanafunzi neno bila kitu chake.

Malakisi si mahali pabaya pa kuanzia. Mji huo wa Kaunti ya Bungoma, uliojulikana kwa kinu chake cha pamba, uko mbali na bahari kwa mamia ya kilomita, na hata mto wake hauelekei pwani ya Waswahili. Mto Malakisi huteremka kutoka Mlima Elgon, ukavuka mpaka na kuingia Uganda, maji yake yakapitia Mto Mpologoma hadi Ziwa Kyoga, kisha yakafuata Nile hadi Mediterania. Hakuna tone lake linalofika Mombasa. Pamoja na hayo, kanuni ya taa ya kwanza kati ya zile mbili inajulikana Malakisi na kila mtoto.

Kumbikumbi na omena

Mvua zinaponyesha, kumbikumbi hutoka ardhini. Wabukusu huwaita chiswa, na ni chakula kinachothaminiwa sana. Wapo wanaotoka mchana, na wapo wanaoruka usiku. Hao wa usiku hunaswa kwa taa: koroboi au chemli huwashwa, beseni la maji au shimo huandaliwa chini yake, na kumbikumbi hujiletea wenyewe. Hakuna anayedhani kwamba kumbikumbi wanaitamani taa kwa kuila. Mwanga huwavuruga, huwaita, nao wakishafika hawajui pa kwenda. Taa hapa si chambo kwa maana kamili ya neno, kwa kuwa chambo huliwa au angalau huonekana kama kinachoweza kuliwa. Taa ni mwito.

Omena wanaouzwa katika masoko ya Bungoma na Kitale huvuliwa kwa mwito huohuo. Samaki hawa wadogo, ambao Watanzania huwaita dagaa na Waganda mukene, hukaa karibu na sakafu ya Ziwa Victoria wakati wa mchana, na usiku hupanda juu kuwafuata vijidudu vya majini ambavyo ndivyo chakula chao. Wavuvi wa Sio Port, Port Victoria, Mbita na kwingineko huingia ziwani giza linapotanda. Taa hupangwa juu ya vielea vya mbao vilivyotiwa nanga, huachwa zikiwaka kwa muda hadi samaki wakusanyike, ndipo wavu huzungushwa. Usiku wa mbalamwezi kazi hii hulegea, kwa sababu mwezi huangaza ziwa zima na taa ya mvuvi hukosa nguvu ya kuita. Kwa hiyo kalenda ya mvuvi wa omena si ya Januari hadi Desemba. Ni ya mwezi mwandamo hadi mwezi mpevu.

Kwa miaka mingi taa hiyo ilikuwa karabai, taa ya mafuta yenye kupigwa pampu na yenye utambi wa kitambaa laini unaong'aa mweupe. Karabai hutoa mwanga mwingi, lakini hula mafuta ya taa usiku kucha, na gharama ya mafuta hayo ndiyo iliyokuwa ikimeza sehemu kubwa ya pato la mvuvi. Ilikuwa rahisi pia kuzimwa na mvua au kupinduliwa na wimbi. Mwaka 2008 kampuni ya Osram ya Ujerumani ilianzisha vituo vya nguvu za jua kwenye ukingo wa Kenya wa Ziwa Victoria, likiwamo eneo la Mbita, ambapo mvuvi aliweza kupata taa ya betri iliyokwisha kuchajiwa badala ya kununua mafuta. Baada ya hapo taa za LED zilienea zenyewe kwa njia ya biashara, kwa kuwa bei yake ilizidi kushuka. Faida yake kwa mfuko wa mvuvi haina ubishi. Ubaya ni kwamba taa rahisi humwezesha kila mtu kuongeza taa, na mwanga hauchagui: huita samaki mpevu na huita kifaranga.

Haya yote ni taa ya samaki. Ni kubwa, huelekezwa majini, na mvuvi hutaka iangaze kadiri inavyowezekana. Kanuni ni ileile Kigoma kwenye Ziwa Tanganyika na vilevile Zanzibar, wanakovuliwa dagaa wa bahari. Sasa tuiache kanuni hii, kwa maana ufukweni mwa bahari, mbele ya ufito uliosimikwa mchangani, mambo hugeuka kabisa.

Kidole, njuga na taa ya ncha

Uvuvi wa asili wa mshipi katika pwani ya Waswahili haukuhitaji taa yoyote. Mvuvi aliyeketi ndani ya mtumbwi au juu ya jabali hushika mshipi kwa mkono, akaupitisha juu ya kidole cha shahada, akatulia. Chini kuna chubwi, yaani kipande cha risasi kinachouzamisha mshipi, na kando yake ndoana yenye chambo. Samaki akigusa, habari hupanda kwenye mshipi hadi kidoleni. Mvuvi mzoefu huweza kutofautisha gizani kati ya changu anayedonoa, kaa anayeburura na wimbi linalosukuma tu. Kwake kidole ndicho jicho.

Ufito ulibadilisha njia ya habari hiyo. Anayevua kwa ufito na gurudumu la kukunjia mshipi hurusha chambo mbali kuliko mkono unavyoweza, kisha husimika ufito katika kishikio na mara nyingi huweka fito mbili au tatu. Mikono yake haigusi tena mshipi. Mchana hali hiyo haimsumbui: hutazama ncha ya ufito, nayo ikipinda hujua ameliwa. Usiku ncha haionekani. Habari iliyozoea kupita kidoleni imehamishiwa machoni, na macho yamezibwa na giza. Ndipo inapohitajika taa ya ncha. Si anasa wala pambo. Inarudisha kile ambacho ufito ulikiondoa kidoleni.

Wengine hutumia njuga badala ya taa: kengele ndogo inayobanwa kwenye ncha ili ilie samaki anapovuta. Njuga ni rahisi na haihitaji betri, tena humwamsha aliyesinzia. Kasoro yake hudhihirika pepo zinapovuma. Wakati wa kusi, upepo na mawimbi huitikisa njuga usiku kucha, na mvuvi huamka kila dakika kuitikia hewa. Taa ina subira zaidi. Inayumba pamoja na upepo kwa mwendo unaozoeleka, na jicho likishauzoea mwendo huo hutambua mara moja mwendo usio wake: mguso mfupi wa haraka, mpindo unaokaa, au ncha kunyooka ghafla wakati samaki ameubeba mzigo na kuja nao ufukweni. Ishara hii ya mwisho njuga haiwezi kuieleza vyema, na ni ishara ya samaki wengi wazuri.

Kutokana na kazi yake hiyo, sifa za taa ya ncha ni kinyume cha sifa za karabai. Iwe ndogo. Iwe hafifu kiasi cha kuonekana tu. Isimulike maji.

Aina mbili ndizo zinazotumika zaidi. Ya kwanza ni kijiti cha mwanga wa kemikali, chembamba kuliko kalamu na kifupi kuliko kidole. Ndani ya ganda laini la plastiki kuna kimiminika kimoja, na ndani ya kimiminika hicho kuna kichupa chembamba cha kioo chenye kimiminika cha pili. Mvuvi hukipinda kijiti hadi kioo kivunjike, akakitikisa, na vimiminika hivyo vikichanganyika huanza kung'aa. Kimojawapo huwa na hidrojeni peroksaidi. Mmenyuko wake na kampaundi ya jamii ya oksalati hutoa nishati inayopokewa na rangi iliyomo, na rangi hiyo huitoa nishati kama mwanga pasipo joto linalohisika. Kemia hiyo ilibainishwa Marekani katika miaka ya 1960, na mmoja wa waasisi wake ni mwanakemia Edwin Chandross wa maabara za Bell. Kijiti ni chepesi mno, hakidhuriwi na maji ya chumvi, na hudumu kwa saa kadhaa. Joto hukifanya kiwake kwa nguvu zaidi na kuisha upesi; baridi hukififiza na kukirefushia maisha. Kwa hiyo mvuvi wa Kilifi asikiache juani ndani ya gari mchana kutwa akitarajia kitamtosha usiku. Kikishapindwa hakizimiki, na asubuhi hubaki takataka ya plastiki yenye kioo ndani. Anayekitupa mchangani humwachia mtoto wa mwenziwe kazi ya kukiokota.

Aina ya pili ni taa ndogo ya LED yenye betri ya lithiamu iliyo nyembamba kama njiti nene. Hii huwashwa na kuzimwa, hutumika usiku mwingi, na hung'aa kuliko kijiti. Baadhi hubadili rangi ufito unapopinda. Ni nzito kidogo kuliko kijiti, na maji ya chumvi yakipenya penye kifuniko huila haraka. Kwa anayevua mara kwa mara, LED ndiyo yenye akili kwa mfuko na kwa ufuo pia. Kwa anayevua mara mbili kwa mwaka, kijiti kinatosha, maadamu atarudi nacho nyumbani.

Uzito si jambo la kupuuza. Ncha ya ufito imetengenezwa nyembamba ili ihisi; ikibebeshwa taa nzito huzubaa, na mguso wa samaki mdogo humezwa na uzito wa taa yenyewe. Vilevile taa ifungwe chini kidogo ya pete ya mwisho ya ufito, upande usiopita mshipi. Ikifungwa mbele ya pete au upande wa mshipi, mshipi utajiviringisha juu yake wakati wa kurusha, na mrusho mmoja wa nguvu utakata kila kitu: chubwi, ndoana na chambo vitakwenda zao baharini, taa itabaki.

Kuhusu rangi, kijani ndicho kinachopatikana zaidi, na kuna sababu. Jicho la binadamu lililozoea giza huona vizuri zaidi mwanga wa kijani unaoelekea buluu, hivyo taa hafifu ya kijani huonekana kwa mbali kuliko taa nyekundu ya nguvu ileile. Penye fito mbili, rangi mbili humwepusha mvuvi na kukimbilia ufito usio wake. Wekundu una nafasi yake pengine: kwenye tochi ya kichwani. Jicho huchukua takriban nusu saa kulizoea giza barabara, na mmweko mmoja wa tochi nyeupe huifuta nusu saa hiyo. Mwanga mwekundu hafifu huliharibu jicho kidogo zaidi. Wapo wanaonunua taa bora ya ncha, kisha kila wanapotia chambo huwasha tochi nyeupe usoni mwao na mwa jirani. Watu hao wamenunua macho kwa mkono mmoja na kuyatupa kwa mwingine.

Tochi ina ubaya wa pili. Ufukweni samaki wengi huingia maji haba usiku kwa sababu giza huwapa ulinzi. Mwanga mkali unaofagia maji ya goti huwarudisha kwenye kina. Hapa ndipo swali la makala haya linapouma: anayeijua karabai ya ziwani hudhani mwanga zaidi ni samaki zaidi, akamulika ufuo kama uwanja wa mpira. Amewasha taa ya samaki mahali panapohitaji taa ya mvuvi. Karabai huita dagaa wanaofuata vijidudu vinavyoelea; chewa na changu wa miambani hawafuati vijidudu hivyo.

Chambo gizani

Iwapo taa ya ncha si mwito, samaki ataitwa na nini? Jibu ni pua, au kwa usahihi zaidi, kunusa na kuonja. Mchana chambo huweza kuvutia kwa rangi na mng'aro. Usiku samaki wa sakafuni hutafuta zaidi kwa harufu inayochukuliwa na mkondo na kwa mtikisiko wa maji. Mfano wa karibu kwa msomaji wa Bungoma ni kambare. Samaki huyu ana masharubu manane yanayogusa na kuonja, hutembea zaidi usiku, na hupata nyungunyungu katika maji ya matope ambamo jicho halina kazi hata mchana. Chambo cha usiku, mtoni au baharini, huchaguliwa kwa kanuni ya kambare.

Kwa hiyo sifa ya kwanza ni harufu, na harufu hutokana na damu na mafuta. Kipande cha kibua au cha jodari, kilichokatwa kwa kisu kikali na kingali kibichi, hutoa mafuta yanayosafiri. Dagaa hufaa kwa sababu iyo hiyo. Yapasa ieleweke kwamba chambo kilichooza si chambo chenye harufu zaidi. Ni imani iliyoenea, na kwa samaki wengi wanaoliwa si kweli. Nyama iliyooza hulainika, huponyoka ndoanani wakati wa kurusha, na huwaita kaa kuliko changu. Atakayenunua chambo mchana kwa ajili ya usiku akifunge katika kitambaa kibichi na kukiweka kivulini, au penye barafu akipata.

Sifa ya pili ni ugumu, nayo hushindana na ya kwanza. Kamba ana harufu inayopendwa na karibu kila samaki wa miambani, ila ni laini. Vidagaa na kaa humdonoa hadi ndoana ibaki tupu, na mvuvi, taa yake ikiwa imetulia, huketi akingojea samaki kwa chuma kitupu. Pweza na ngisi ni wagumu. Ukanda wa ngisi uliochomwa mara mbili kwenye ndoana hustahimili mrusho mrefu na midomo midogo, ukabaki hadi mdomo mkubwa utakapofika. Pasipo ngisi, chambo laini hufungwa kwa uzi mwembamba wa cherehani, ukazungushwa mara kadhaa bila kuifunika ncha ya ndoana. Ncha ikifunikwa, samaki atavuta, taa itayumba vizuri kabisa, na hakuna kitakachonasa.

Majira ya maji huamua mengine. Nyakati za bamvua, mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu, tofauti ya kujaa na kupwa huko Mombasa hukaribia mita 4, na mkondo huwa na nguvu. Harufu husafiri mbali, lakini chubwi kubwa huhitajika ili chambo kisiburutwe. Nyakati za maji mafu mkondo hulala. Chubwi ndogo hutosha, na chambo chenye mafuta mengi hufidia uzito wa maji. Aghalabu saa nzuri ni maji yanapojaa usiku juu ya tambarare za mchanga na mwamba, kwa maana samaki hufuata maji kuja kula vilivyoachwa wazi mchana.

Kuna chambo kingine kinachounganisha bara na maji makuu, nacho hutajwa mara chache madarasani. Mbuta, samaki mkubwa aliyeingizwa Ziwa Victoria katika miaka ya 1950 na ambaye Watanzania humwita sangara, huvuliwa kwa mishipi mirefu yenye ndoana nyingi zinazotiwa samaki wadogo walio hai. Kifaranga cha kambare hufaa mno kwa kazi hiyo kwa kuwa ni mgumu wa kufa: huweza kupumua hewa, na hukaa hai ndoanani muda mrefu. Kwa sababu hiyo, wafugaji wa magharibi mwa Kenya wamekuwa wakizalisha vifaranga vya kambare katika mabwawa si kwa ajili ya chungu tu, bali kuwauzia wavuvi wa mbuta. Mwaka 2009 serikali ya Kenya ilianzisha mpango wa kuchimba mabwawa 200 ya samaki katika kila mojawapo ya maeneobunge 140, na Bungoma, yenye shamba la kuzalishia samaki la Chwele, haikuwa ngeni kwa ufugaji huo. Mtoto wa huko anayeandika kwamba mvuvi alitia chambo huenda amepita kando ya bwawa lenye chambo chenyewe kikiogelea.

Taa inapokuwa chambo, na tatizo la jina

Mgawanyo wa taa ya samaki na taa ya mvuvi una mahali pake pa kuvukwa. Katika kina cha Bahari Hindi, mbele ya Watamu na Malindi, huvuliwa usiku samaki mkubwa mwenye mdomo kama upanga, wa kundi ambalo wavuvi wa pwani hulijumlisha katika jina nduwaro. Mchana hukaa chini sana, usiku hupanda. Wanaomtafuta hufunga kijiti cha mwanga wa kemikali, ndugu wa kile cha ncha ya ufito, juu kidogo ya ndoana yenye ngisi, wakakizamisha makumi ya mita. Viumbe wengi wa kina hung'aa wenyewe, na huko chini mwanga mdogo wa kijani au buluu humaanisha chakula. Kijiti kilekile ambacho ufukweni ni taa ya mvuvi, hapo kimekuwa nusu ya chambo. Kilichobadilika ni jicho linalokitazama.

Hapo ndipo Kiswahili kinapodaiwa jambo. Lugha hii ina utajiri mkubwa wa majina ya taa: kandili na fanusi zilizotoka Kiarabu, karabai, chemli, koroboi ya Kenya na kibatari cha Tanzania, kurunzi, mwenge. Kila jina hutaja chombo, na karibu kila chombo hukusudiwa kumulika. Taa ya ncha haimuliki, huonekana tu. Wavuvi wenyewe husema taa au huazima jina la Kiingereza, na neno taa pekee lina hatari yake baharini, kwani taa ni jina la samaki pia, yule mpana kama sinia mwenye mkia mrefu wa mwiba. Sentensi "mvuvi alipata taa gizani" huweza kumaanisha heri au balaa. Taa samaki hula usiku kwenye mchanga, hupenda chambo kilekile cha ngisi na kamba, na akivutwa ufukweni mwiba wake huweza kuutoboa mguu wa anayemkanyaga. Mvuvi wa usiku humhitaji taa mmoja ili amwone mwingine.

Jina linalostahili kufikiriwa ni kimulimuli. Mdudu huyo huonekana jioni kwenye majani yenye unyevu, bara na pwani, na mwanga wake ni wa kemikali usio na joto, unaotokana na dutu iitwayo lusiferini inapokutana na oksijeni mwilini mwake. Kwa hiyo kimulimuli cha ufito si tashbihi ya macho tu. Kinafanana na mdudu kwa namna ya kuwaka kwake, angalau kile cha kijiti. Pingamizi lipo. Kimulimuli humweka na kuzima, na matumizi ya mjini yamekwisha kulipa neno hilo taa za kumwekamweka za magari ya polisi na ya wagonjwa, ilhali taa ya ncha hutulia. Pingamizi hilo halina uzito mkubwa. Anayetazama ufito uliosimikwa gizani haoni taa iliyotulia anapofika samaki. Huona nukta ya kijani ikiinama, ikirudi, ikiinama tena.

Jina lolote litakalochaguliwa lisiamuliwe katika chumba cha mihadhara peke yake. Wavuvi wa Kilifi, Lamu, Tanga na Unguja huenda wana lao tayari, na pengine kila ufuo una lake. Kazi ya kulikusanya inafaa kufanywa usiku, kiza kikiwa kimeingia na maji yakijaa, wakati chombo chenyewe kinapowashwa na mwenye nacho hana budi kukitaja kwa mwenziwe.